Mama aliyeniuliza: "Utanipasua wewe, ama utanipa mwingine?"

MwanaWaKadutu · Bukavu · mwanzisha uzi

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Ni saa nne usiku, kuranti (umeme) imerudi baada ya siku mbili na mvua imenifungia ndani. Kuna kijana kule jukwaa la wanafunzi aliuliza kama asomee upasuaji, maana "unalipa na unapewa heshima". Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona nifungue uzi. (Uzi wa maneno, si ule wangu wa kushonea. Huo nao nitaufikia.)

Mimi ni dokta wa kupasua. Ni miaka 14 tangu nimalize shule, na sita ya mwisho kazi yangu kubwa ni fistula. Kwa asiyeijua: mama anashikwa na uchungu siku mbili, tatu, mtoto hapiti. Kichwa cha mtoto kinaibana nyama laini iliyo kati ya kibofu na uke, damu haifiki pale, nyama inakufa. Baada ya siku kadhaa ile nyama inabanduka, linabaki tundu, na mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Mtoto mara nyingi alishakufa tumboni.

Hiyo ndiyo fistula inayoelezwa redioni. Iko nyingine ambayo sisi madokta hatupendi kuisema mbele ya watu, ile tunayoileta wenyewe kwa kisu na sindano. Yangu ni ya namna hiyo.

Nilipomaliza shule nilitumwa hospitali moja ya mlimani, sitaitaja, haina kosa. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania mnisikilize vizuri: huku Kongo dokta mpya kabisa, hata mwaka hajamaliza, ndiye anazalisha kwa kupasua, ndiye anafungua tumbo la utumbo uliojisokota, ndiye anakata mguu uliooza. Hakuna mkubwa wa kumwita. Usiku mmoja wakaniletea mama kwenye tipoyi, amebebwa na wanaume wanne kushuka mlima, uchungu siku ya pili. Grupu la umeme halikuwa na mafuta. Nilimpasua kwa tochi, infirmie (nesi) mmoja ameishika, mwingine ananipitishia vyombo. Mtoto alitoka amelegea, tukampulizia, akalia. Lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika upande wa chini na damu ilijaa. Nikashona haraka haraka, hatua kubwa kubwa, sioni vizuri, natafuta kitu kimoja tu: damu isimame.

Ikasimama. Asubuhi waliniletea kuku na ndizi. Nililala usingizi wa mtu aliyeokoa roho mbili, na kweli nilikuwa nimeziokoa. Kumbe katika zile hatua kubwa kubwa, moja ilikuwa imepita kwenye kibofu.

Mkojo hauvuji siku hiyo. Unaanza baada ya wiki hivi, mama akiwa ameshabebwa kurudi kwake. Sikujua lolote. Nimelijua miaka tisa baadaye. Ngoja nichemshe maji, nitaendelea.

SambazaKavu · Goma

Nimekaa na bakuli langu hapa. Dokta usituache kwenye mataa.

MwanaWaKadutu

Naendelea.

Miaka tisa baadaye niko mjini, kwenye konsiltasio, naona wagonjwa. Anaingia mama wa makamo, vikwembe viwili amevikunja kati ya miguu, anakaa pembeni kabisa ya kiti. Wenye fistula wote wanakaa hivyo, nusu ya kiti, ili wakiinuka walowanishe kidogo. Namuuliza yale ya kila siku: umezaa mara ngapi, ulizalia wapi, ulipasuliwa lini. Akasema mtoto mmoja tu, wa kiume, yuko hai, amefika miaka tisa. Akataja hospitali. Akataja mwezi. Halafu akasema, bila mimi kuuliza: "Yule dokta alikuwa anashikiwa tochi."

Niliandika kila kitu kwenye fishi (kadi ya mgonjwa) kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Nikamshukuru, nikamwita mwingine. Sikumwambia kitu.

Kwa muda wote huo mama alikuwa anaamini amerogwa na mke mwenzake. Alikuwa ameacha kunywa maji. Hili nalo halijulikani: mwanamke mwenye fistula hupunguza maji ili avuje kidogo, mkojo unakuwa mkali, unamchoma mapaja mpaka vidonda, na mawe yanaweza kujijenga kibofuni. Unamwambia kunywa, anakuangalia kama umemwambia ajimwagie petroli.

Siku ya tatu nilikwenda kitandani kwake pamoja na infirmie mmoja wa zamani, mama mtu mzima, maana peke yangu miguu ingenirudisha. Nikavuta kiti, nikamwambia: Mama, yule dokta wa tochi ni mimi. Tundu hili nadhani nililifanya mimi wakati natafuta damu isimame. Siyo mke mwenzako.

Akakaa kimya. Akatengeneza kikwembe chake mabegani, polepole, kama mtu anayejitayarisha kusafiri. Nilikuwa tayari kwa matusi, tayari kwa machozi. Akauliza: "Sasa utanipasua wewe, ama utanipa mwingine?"

Nikamjibu haraka: mwingine, Mama. Mzee wangu wa kazi, aliyenifundisha, atakupasua yeye, mimi nitamshikia vyombo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe ndiye unajua penye ulipitisha sindano."

Wandugu, sikujua penye nilipitisha sindano. Ilikuwa giza.

MlipaFakitire · Goma

Dokta, umeandika vizuri na sitaki kukukatisha. Lakini mimi nina dukuduku. Mdogo wangu alipasuliwa tumbo hospitali fulani, akapona, kisha akakaa wiki tano zaidi kwa sababu fakitire (bili) haijalipwa. Mlangoni kuna mlinzi, chakula tunamletea sisi. Dokta aliyempasua alikuwa anapita kila asubuhi. "Habari ya leo? Kidonda kizuri." Anaenda. Mkono wa dhahabu, sikatai. Huruma iko wapi hapo?

MwanaWaKadutu

Nimekuelewa, na sitamtetea. Nimekuwa dokta huyo. Nilikuwa napita vitandani kwa waliozuiliwa nikijiambia hesabu ni za ofisi ya mbele, yangu ni kidonda. Kidonda kinapona, mtu amefungwa, nami naandika "anaendelea vizuri".

Nikupe hesabu nyingine. Familia ya yule mama iliuza mbuzi wawili kulipia ule usiku wa tochi. Kushonwa tundu mjini hakulipa hata franka, kuna mradi wa wafadhili. Yaani tulimtoza kwa jeraha, tukampa dawa yake bure. Sijapata jibu la hilo. Siku hizi bei naisema mimi kwa mdomo wangu kabla sijanawa mikono, mbele ya familia, na mgonjwa akizuiliwa naenda mwenyewe kwa muhasibu kugombana. Mara nyingi nashindwa. Ila sipiti tena kitandani kwake kama sijui kwa nini bado yuko pale.

TabibuMtarajiwa · Mwanza

Shikamoo dokta. Mimi niko mwaka wa nne. Swali langu: kuna mwalimu wetu anasema ukimhurumia sana mgonjwa mkono utatetemeka, ni bora umwone kama kazi tu, huruma waachie manesi na wachungaji. Nawe unaonaje?

MwanaWaKadutu

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu wako ana nusu ya ukweli. Kisu kikishaingia, mimi namsahau mtu. Naona kijisehemu kilichozungukwa na vitambaa vya kijani, naona nyama, naona kovu, naona sindano. Ni lazima. Ningemwona mama mzima na yale ya miaka tisa nisingeshona hatua moja. Huruma yako iwe imeshafanya kazi kabla: umesoma fishi mara mbili, umeuliza damu ipo, umelala usiku badala ya kukesha kwenye bia.

Ila nikuambie habari ya mkono usiotetemeka. Chombo tunachotumia kufungulia nafasi ili tuone tundu kinaitwa kwa jina la Mmarekani, James Marion Sims. Huyo alijifunzia kushona fistula kule Alabama, kati ya 1845 na 1849, juu ya wanawake watumwa. Mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa mara karibu 30. Bila dawa ya ganzi. Mkono wa Sims ulikuwa imara kuliko wangu na wako. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018, na mwaka huohuo dokta wa fistula wa mji wetu, Denis Mukwege, akapewa Nobel ya Amani. Mimi kila nikiomba kile chombo namkumbuka Anarcha. Simkumbuki kwa huzuni ya sinema. Namkumbuka ili nimuulize aliye mezani: unasikia maumivu?

Maana anajibu! Sisi tunachoma sindano ya ganzi mgongoni, kiuno kushuka chini kinakufa ganzi lakini mama yuko macho. Hiyo ndiyo ajabu ya upasuaji huu, unapasua mtu mnaongea.

MamaBloku · Bukavu

Mimi si dokta, ni mpitisha vyombo, miaka 24 nimesimama bloku, chumba cha kupasulia. Madokta wengi wamepita mbele yangu, wengine nimewaona wakiwa stajieri wanatapika kwenye sinki, leo ni maprofesa.

Ninyi mnatafuta huruma ya dokta machoni. Miye naiangalia kwenye kompresi, vile vitambaa vya kufutia damu ndani ya tumbo. Tukimaliza, kabla ya kufunga, mimi nasema "ngoja, nahesabu." Iko dokta anasubiri, mikono juu, amenyamaza. Iko mwingine anaanza kufunga, "Mama, tumechoka, iko sawa." Yule wa pili anaweza kuwa anaombea wagonjwa asubuhi kwa sauti na kuwashika kichwa. Simwamini. Ile karatasi ya OMS (Shirika la Afya Duniani) ya mwaka 2008, ya maswali 19 ya usalama wa upasuaji, ilipofika kwetu wakubwa waliicheka: eti mpaka tujitambulishe majina, tunajuana toka zamani! Sasa siku tuliyoanza kuisoma kwa sauti ndiyo siku nilijua dokta mmoja, niliyefanya naye kazi miaka mitatu, hakuwa anajua jina langu. Alikuwa ananiita "wewe wa pensi", yaani wa koleo za kushikia.

Na kitu kingine: dokta anayetupa vyombo chini akikasirika, usimpe mtoto wako.

Dokta MwanaWaKadutu, hawa hawajui mimi ndiye nilikuwa pamoja nawe kitandani siku ile. Waambie na mimi nilikuwa natetemeka.

MwanaWaKadutu

Mama! Kumbe uko humu. Sasa itabidi niseme kweli tupu.

LavaYaNdosho · Goma

Wadogo wa Bukavu mnajua kusimulia. Lakini msijisahau, huku Goma nasi tuna wetu. Dokta Jo Lusi wa mifupa na mkewe Lyn, lava ya Nyiragongo ilimeza hospitali yao tarehe 17 Januari 2002, wakaanza upya, ndiyo HEAL Africa ya leo. Swali langu ni hili: mtu kama Mukwege, au hao, walizaliwa na wito, ama wito unakuja njiani?

MwanaWaKadutu

Siwezi kumsemea mzee Mukwege, lakini historia yake haifichiki. Ni mtoto wa mchungaji wa hapa Bukavu. Alianza kazi hospitali ya Lemera, akaona wamama wanakufa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali ikavamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, alipoianza 1999 alifikiria hospitali ya kuzalishia wamama. Mgonjwa wa kwanza aliyefika alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Alipanga kitu kimoja, kikagonga mlango kingine, akakifungulia.

Lakini mimi katika habari zake zote nimeshika moja. Oktoba 2012 walimvamia nyumbani, mlinzi wake akauawa, akaondoka nchini na familia. Alikuwa na kila sababu ya kubaki Ulaya akitoa hotuba. Wamama wa kisiwa cha Idjwi, watu wasio na kitu, wakauza mazao yao wapate kumlipia tiketi. Januari 2013 akarudi. Siku ile barabara ya kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu ilijaa watu.

Kwa hiyo LavaYaNdosho, kuhusu wito sijui. Ninachojua ni kwamba wapo wanaorudi. Na ukubwa wa kurudi si lazima uwe wa ndege. Kuna kurudi kwa hatua kumi, kutoka mlangoni mwa wodi mpaka kitanda cha mtu ambaye operesheni yake haikufaulu. Hizo hatua kumi ni ndefu jamani.

NyotaYaWalungu

Jambo Dokta, jambo bote. Miye si muganga, niko mugonjwa wa zamani. Balinipasua mara mbili. Ya kwanza haikufunga. Ile siku balitosha sonda, ile mupira ya mikojo, nilisikia maji ya moto inashuka ku miguu, nikajifunika kikwembe ku kichwa, sikutaka kuona mutu. Dokta alikuya asubui, sikumujibu. Akakuya magaribi, sikumujibu. Kesho yake akakuya tena, akaikala ku kitanda, na kitanda ilikuwa ya mikojo, akaikala tu na bluze yake nyeupe. Hakusema kintu. Njo nikaanza kulia. Ya pili ilifunga, Mungu asifiwe. Lakini ile ya bluze njo naelezaka batoto yangu.

SambazaKavu

Nimeweka bakuli chini.

TabibuMtarajiwa

Nami. Dada, asante kwa kutuambia. Dokta, yule mama wa tochi sasa. Ulimpasua?

MwanaWaKadutu

Nilimpasua. Mzee wangu alisimama pembeni, amevaa glavu, hakugusa kitu. Mama alikuwa macho. Nilipofika ndani akauliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. "Ni kubwa?" Nikamwambia linapitisha ncha ya kidole. "Uzi wako uko?" Huo ndio uzi niliosema nitaufikia: haukuwepo, ulikwisha kuyeyuka zamani, limebaki kovu gumu kama gamba. Nikamwambia hauko, Mama. Akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akawa anausahau katikati na kuuanza upya. MamaBloku ndiye aliyekuwa anamkumbusha maneno.

Kovu ndiyo kazi. Kushona tundu si tatizo, tatizo ni kuitenganisha nyama na ile iliyoshikana nayo mpaka itulie bila kuvutwa. Ukishona nyama inayovutwa, itafunguka. Na mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote, kila ukirudia kovu linaongezeka. Kwa hiyo nilikwenda polepole, saa mbili na robo. Usiku wa tochi nilitumia dakika 40.

Mwisho tulijaza kibofu maji ya buluu. Kitambaa tulichoweka ukeni kilitoka cheupe, yaani hakuna kinachovuja. Mzee akavua glavu, akatoka bila kusema neno. Ndiyo sifa yake.

Sonda siku 14 (wenzetu wa Tanzania mnaita mpira wa mkojo). Kila asubuhi kitu cha kwanza ni kuangalia mambo matatu: mama anakunywa, sonda inatiririka, shuka kavu. Siku hizo nilipita asubuhi, nilipita jioni, wakati mwingine saa tano usiku, mpaka infirmie wa zamu akanifukuza. Mama hakunisamehe kwa maneno. Hatukuongea habari hiyo tena. Alinituma maji ya moto. Mara mbili alinituma sambaza (samaki wadogo wa hapa) za kukaanga sokoni, na chenji aliihesabu.

Siku ya 14 tukatoa sonda. Tundu limefunga, tumehakikisha kwa maji ya buluu. Akasimama, akapiga hatua nne, akakohoa. Mkojo ukashuka.

Tundu limefunga na bado anavuja. Hutokea, misuli ya kuzuia mkojo imedhoofika, na sindano yangu nzuri haiiwezi. Hapo ndipo nilitamani kwenda likizo. Kisha ndiyo zile hatua kumi. Nilikwenda. Nikamweleza, nikamwonyesha mazoezi ya kukaza na kuachia ambayo infirmie wetu anawafundisha. Akaniambia, "Kesho utapita?" Nikasema nitapita. "Basi nenda ukale."

Alirudi baada ya miezi mitatu, na kijana wake, mrefu, ana aibu, amebeba kuku. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki pale koridoni, katikati ya kiti safari hii. Tukaongea habari za barabara na bei ya maharagwe. Nilipomwita ndani akainuka, akageuka kukiangalia kiti. Miye nami nikakiangalia.

SambazaKavu

Na kiti?

MwanaWaKadutu

Kikavu. Ila alikuwa amekaa dakika kumi tu. Nikamwambia akohoe.